Meseji za magrupu zinavuruga mahesabu, nifanyeje?

Mama_Parachichi: Habari za jioni wadau. Natunza vitabu vya kikundi cha wakulima wa parachichi hapa Tukuyu. Najumlisha kilo, simu inalia, naanza upya. Nikizima data nakosa raha, nahisi mnunuzi atanipita. Mnashauri nini?

Mnasihi_Iringa: Dada, usizime. Utafiti wa 2019 ulilinganisha watu waliopokea arifa kwa mafungu matatu kwa siku na wale waliozimiwa zote. Wa mafungu walitulia na kumakinika zaidi. Waliozimiwa kabisa walizidi kuwa na wasiwasi, kama unavyoeleza. Panga zamu: saa nne, saa saba, saa kumi na moja. Zitangaze kwenye grupu, la sivyo watakupigia kuuliza kama umeona meseji.

Kinachochosha zaidi si mlio. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba ukihama kazi kabla haijaisha, sehemu ya mawazo hubaki kule ulikotoka. Kwa hiyo kabla ya kugusa simu, andika kwa penseli pembeni ya ukurasa: stakabadhi uliyoishia, jumla hadi hapo, na inayofuata. Hapo hutaanza upya.

Fundi_Mwanjelwa: Kwa Android, washa "Usinisumbue", ruhusu simu za watu wenye nyota tu: mnunuzi, dereva, shule ya watoto. Ruhusu pia anayepiga mara ya pili ndani ya dakika 15, ili mwenye dharura apite. WhatsApp, nyamazisha magrupu "daima". Wengi huchagua muda wa saa nane tu, jioni kelele zinarudi, wanasema haifanyi kazi! Ukitajwa kwa @ arifa bado itaingia, waombe wakutaje kwa jambo la lazima tu. Na mtetemo si ukimya; juu ya meza ya mbao unasumbua kuliko mlio. Simu ikae chumba kingine, sauti ya kupigiwa ikiwa juu.

Mnasihi_Iringa: Niongeze upande wa moyo, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Meseji haina uso wala sauti. "Mbona hela haijaingia" ukiisoma umechoka, unasikia unaitwa mwizi, na usingizi unaondoka. Habari za hela na lawama mpigie mtu simu. Meseji ziwe za kilo, bei na tarehe. Tiki za bluu unaweza kuzima, ila kwenye magrupu zitabaki, na wewe hutaziona za wenzako. Simu isilale kitandani. Nunua saa ya kengele.

Mama_Parachichi: Ndaga sana. Na voisi za dakika tano je?

Fundi_Mwanjelwa: Zisikilize zamu ya jioni, kasi ya 1.5, kalamu mkononi. Bei ikitajwa katikati ya voisi, kuitafuta kesho ni kazi. Kisha mjibu kwa maandishi: "Nimepata: kreti kadhaa, bei hii, gari siku fulani. Ni sahihi?" Akithibitisha, ndipo uingize kitabuni.