Naombeni ushauri: nataka kununua baiskeli ya mbio ya zamani, ndo mara yangu ya kwanza

mleta uzi
Habari zenu wakuu. Kuna baiskeli ya mbio ya miaka ya 80 nimeipenda sana, fremu ya chuma, gia 12 yaani mbili mbele sita nyuma, na vile vishikio vya gia viko kwenye bomba la chini la fremu sio kwenye usukani. Kwenye bomba la kiti kuna stika ya Reynolds 531. Rangi bado inang'aa. Muuzaji anasema ilikaa stoo miaka mingi ila haina tatizo lolote, ni kujaza upepo tu na kuondoka.

Ninayoendesha sasa hivi ni ya kawaida ya usukani ulionyooka, hizi za zamani nazijua kwa macho tu, lakini jamani nazipenda, zile bomba nyembamba, yale maungio yaliyochongwa kwa ustadi pale bomba zinapokutana. Nataka ya kuendesha kweli sio ya kutundika ukutani, kwenda nayo kazini na wikiendi kilomita 40, 50 hivi.

Sasa nikifika pale nianze kuangalia nini? Hiyo 531 maana yake nini? Na anasema fremu ni saizi 58, mimi nina urefu wa sm 172, itanifaa? Natanguliza shukrani.

spoku36
Mkuu anza na hilo swali la mwisho maana ndo zito kuliko yote. Vua viatu, simama mgongo ukutani, bana kitabu kigumu katikati ya miguu kikapande mpaka juu kabisa kama vile umekalia kiti cha baiskeli, halafu mtu akupimie kutoka juu ya kitabu hadi sakafuni. Hiyo namba izidishe kwa 0.65 mpaka 0.67, unapata saizi ya fremu. Ukipata tuseme sm 80 basi fremu yako ni 52 mpaka 54 hivi. Hiyo 58 ni ya mtu mrefu kukuzidi.

Watu watakwambia si unashusha tu kiti. Kiti kinashuka sawa, lakini kwenye fremu kubwa bomba la juu nalo ni refu, kwahiyo usukani unakuwa mbali, unaendesha umenyoosha mikono, baada ya saa moja shingo na mabega vinawaka moto. Rangi utapaka upya, gia utabadilisha, fremu kubwa haipungui. Mi ningekuwa wewe nisingeenda hata kuiangalia, maana ukishaiona kwa macho utaipenda zaidi.

fundi wa jioni
Nakubaliana na mdau wa juu kuhusu saizi, ila nampa vitu vya kukagua maana atavihitaji kwa baiskeli yoyote ya zamani.

Cha kwanza ni nguzo ya kiti. Beba spana na funguo za pembe sita, mwombe muuzaji kistaarabu ulegeze bolti inayobana nguzo, halafu shika kiti kwa mikono miwili ukizungushe kulia na kushoto. Ikizunguka na kupanda vizuri, endelea. Ikigoma, simama hapo hapo. Nguzo nyingi za zama zile ni aluminiamu na fremu ni chuma, maji ya mvua na jasho yakiingia katikati na hakuna grisi, aluminiamu inaoza kwa ndani na ule unga wake unavimba unabana mpaka inakuwa kama vimechomelewa pamoja. Nimeona nguzo ambayo ilibidi ikatwe kwa msumeno kidogo kidogo kutokea ndani, kazi ya siku nzima, na ukikosea kidogo unatoboa fremu. Akikukatalia kulegeza hiyo bolti ujue kuna kitu anakijua.

Shingo ya usukani nayo ni hivyo hivyo, inashikwa na kabari ndani ya foko (ule uma unaoshika gurudumu la mbele). Legeza bolti ya juu mizunguko michache, weka kipande cha ubao juu yake, gonga taratibu mpaka kabari iachie.

Pili, ajali. Nenda mbele, pitisha kidole CHINI ya bomba la juu na chini ya bomba la chini, sm chache nyuma ya pale zinapoungana na bomba la usukani. Baiskeli iliyogonga kitu kwa mbele hapo ndo hujikunja, unakuta kauvimbe au mkunjo mdogo, au rangi imepasuka kwa mstari wa kuzunguka bomba. Macho yanaweza kudanganywa na rangi mpya, kidole hakidanganyiki kirahisi. Kisha isimamie kwa pembeni uangalie foko, inatakiwa iteremke kwa mstari mmoja na bomba la usukani halafu ipinde kwenda mbele kule chini. Ikiwa imerudi nyuma, ACHA.

Tatu chukua uzi, funga pale ekseli ya nyuma inapokaa upande mmoja, uzungushe mbele kwenye bomba la usukani urudi nao upande wa pili, uvute ukaze. Pima kutoka uzi hadi bomba la kiti kulia na kushoto. Zikilingana nyuma ya fremu imenyooka. Usiache kupima hata kama muuzaji anakuangalia vibaya, hela ni yako.

mleta uzi
Fundi asante sana aisee, hii ya uzi sikuwahi kuisikia. Nimejipima nimepata sm 80 kamili kwahiyo ni kweli 53 hivi. Lakini hiyo stika ya 531 inanivuta jamani. Je nikiiacha nikakuta nyingine haina stika ni chuma cha hovyo?

bomba la chuma
Hapana ndugu. 531 ni chuma chenye manganizi na molibdenamu, kampuni ya Reynolds ya Uingereza ilikitoa mwaka 1935 na kwa miaka mingi baiskeli nyingi nzuri za mbio zilitengenezwa nacho. Ni chuma imara kwahiyo bomba linatengenezwa jembamba, na zile zilizopunguzwa unene katikati zikaachwa nene nchani ndo nyepesi zaidi. Ila soma stika YOTE. Kuna zinazosema fremu, foko na bomba za nyuma zote ni 531, na kuna zinazosema ni bomba tatu kubwa tu, hizo zingine ni chuma cha kawaida. Na stika mpya zinauzwa, mtu yeyote anabandika.

Ndo maana mimi naangalia kipenyo cha nguzo ya kiti, kinaandikwa kwenye nguzo yenyewe. Milimita 27.2 mara nyingi ni dalili ya bomba jembamba zuri, ukikuta 25.4 au 26 kwenye fremu ya saizi ile ile ujue ukuta wa bomba ni mnene na baiskeli itakuwa nzito. Italia kuna Columbus, Japani kuna Tange na Ishiwata, vyote vyuma vizuri kabisa na mara nyingi vinauzwa bei ya chini kuliko 531 kwa sababu ya jina tu.

cheni fupi
Mi naongezea kuhusu hilo la kujaza upepo tu. Baiskeli iliyokaa stoo miaka mingi weka kwenye bajeti tairi, tyubu, waya zote za breki na gia, raba za breki (zinakauka zinakuwa ngumu, hazikamati), cheni, na kazi ya kufungua haba (kitovu cha gurudumu) na beringi za pedeli (pale ekseli ya pedeli inapopita kwenye fremu) kusafisha gololi na kuweka grisi mpya. Jumlisha hiyo juu ya bei anayokutajia ndo ulinganishe. Cheni ipime kwa rula, pingili 12 nzima (moja nzima ni ya nje na ya ndani kwa pamoja) kutoka pini hadi pini ni inchi 12 kamili, ikizidi kwa moja ya nane ya inchi basi na meno ya nyuma yameshaliwa.

Na jitahidi ringi ziwe aluminiamu, beba sumaku ndogo, ikinata ni chuma. Ringi za chuma kwenye mvua unabana breki na baiskeli inaendelea kwenda, kwa mtu anayetaka kwenda nayo kazini kila siku hilo sio la kuchukulia poa.

Epuka pia za Kifaransa za zamani kwa baiskeli ya kwanza. Nyuzi (mikato ya skrubu) za beringi za pedeli ni za vipimo vyao, milimita 35 kwa 1, hata shingo ya usukani ni milimita 22.0 wakati wengine wengi ni 22.2.

bomba la chuma
Hapo kwenye za Kifaransa napingana kidogo. Kama kila kitu kinazunguka vizuri na saizi ni yako, baiskeli nzuri ya Kifaransa utaendesha miaka bila kugusa hizo nyuzi. Kinachotakiwa ni kujua mapema ili usinunue spea za kubahatisha.

mleta uzi
Nimerudi wakuu. Nilienda kuiona ile 58, nimeipanda juu na kweli bomba la juu linanigusa kabla nyayo hazijatulia chini. Nguzo ya kiti haikuzunguka hata kidogo. Nimemshukuru muuzaji nimeondoka, roho imeniuma lakini sawa.

Sasa nimepata nyingine, fremu 53, stika inasema Tange, rangi imechubuka sehemu nyingi, nguzo inazunguka na nimepima kwa uzi iko sawa. Shida ni kwamba matairi ni inchi 27, nimeambiwa tairi zake zinasumbua kupatikana. Naweza kuweka ringi za 700C, ile saizi nyingine ya baiskeli za mbio?

fundi wa jioni
Umefanya vizuri sana. Namba ya kuamini ni ile ya ubavuni mwa tairi, ni kipenyo cha ringi kwa milimita, 630 ndo inchi 27 na 622 ndo 700C, haziingiliani kabisa. Ringi ya 700C ni ndogo kwa milimita 8 za kipenyo, kwahiyo raba za breki lazima zishuke milimita 4. Angalia kwenye mkono wa breki raba imefungwa wapi, kama chini yake imebaki nafasi ya hizo milimita 4, unahamia bila kubadilisha breki, na unapata na nafasi ya kuweka tairi nene kidogo. Kama raba iko mwisho kabisa itabidi utafute breki za mikono mirefu.

Pima na upana wa nyuma ekseli inapokaa. Kwa gia sita itakuwa milimita 126 au 120, haba nyingi za barabarani za baadaye ni 130. Kutoka 126 chuma kinavutika milimita mbili kila upande bila shida, ila fundi ainyooshe pande zote mbili zilingane, na usikubali mtu aifanye hivyo kwenye fremu ya aluminiamu. Ila tairi za inchi 27 bado zinatengenezwa, uchaguzi tu ndo mdogo. Kama ringi zilizopo ni aluminiamu na zimenyooka, mi ningenunua jozi moja ya tairi niendeshe kwanza, hiyo 700C ije baadae.

Kabla hujalipa geuza chini juu usome namba ya fremu chini ya beringi za pedeli, ikiwa imesagwa usichukue. Halafu inua gurudumu la mbele uzungushe usukani polepole, ukihisi unakwama pale katikati unapoangalia mbele, gololi zimechimba vikombe vyake (zile bakuli za chuma zinamozunguka), mwambie apunguze bei kwa kiasi cha vikombe vipya.