Hivi muvi nzima inapoteaje duniani?

MtuWaKibirizi:
Wakuu habari za jioni. Nina banda la muvi huku Kigoma, juzi nimeonyesha Gentlemen Prefer Blondes ya Marilyn Monroe ya 1953, watu wamecheka balaa, nikarudi home kusomasoma nakuta kumbe kuna ya kwanza ya 1928, haina sauti, yule binti mkuu Lorelei kachezwa na Ruth Taylor, kampuni Paramount kabisa, ila eti imepotea hakuna kopi hata moja. Inakuwaje? Mimi nikifuta muvi kwenye flashi jirani ananirushia hapohapo.

Unyanyembe_jr:
Mkuu usifananishe na flashi. Ile ilikuwa mikanda ya nitrati, ikishika moto hata ndani ya maji inaendelea kuwaka, na isipoungua inaoza yenyewe kwa joto inakuwa unga. 1937 ghala la kampuni ya muvi ya Fox kule New Jersey liliteketea na mimuvi kibao. Halafu sauti ilipoingia zile za kimya zikaonekana takataka tu, wengine wakayeyusha mikanda watoe madini ya fedha. Maktaba ya Bunge ya Marekani walitoa hesabu 2013, karibu muvi ndefu 11,000 za kimya, zilizobaki kamili kwenye mkanda wake wa asili asilimia 14.

binti_ujiji:
Kinachoniuma hadithi tunaijua, binti anawinda mume tajiri, na picha za mnato zipo. Ila komedi ya kimya ni sura jamani, jicho, bega, ukinisimulia sicheki 😩

Mzee wa Stesheni:
Msikate tamaa wanangu. Upstream ya dairekta John Ford, 1927, komedi ya wasanii wa jukwaani na binti anayependwa na wawili, nayo ilihesabiwa imekufa ikaja kuonekana New Zealand 2009. Kule ndo ilikuwa mwisho wa mzunguko wa kuonyesha muvi, kopi inafika imechakaa, nauli ya kuirudisha kubwa kuliko yenyewe, inaachwa. Dawson City Kanada vilevile, 1978 wamechimba wakakuta mikanda zaidi ya 500 imefukiwa kwenye bwawa la kuogelea la zamani, baridi imeitunza.

MtuWaKibirizi:
Kumbe vinabaki mwisho wa njia! Na sisi si ndo mwisho wa reli tangu 1914 😂 kesho naingia na jembe

Unyanyembe_jr:
Acha jembe, kwa joto hilo ungekuta unga tu.

MtuWaKibirizi:
Haya, basi mwenye hiyo Upstream anirushie. Dijei wangu kafurahi, anasema za kimya ndo saizi yake, hakuna mzungu wa kumpigia kelele akitafsiri.