Grupu la Majirani Pasua, Moshi: sura za kijiweni

*Jose:* Habari za jioni majirani. Zile picha nilizokuwa nachonga zimekauka. Watu wa kijiweni wote wapo 👇🏾
📷📷📷📷

*Baba Doreen:* Aisee mbe! Huyu Salimu kabisa, mpaka pengo.

*Salimu Boda:* Pengo si ungeliziba kidogo kaka 😂

*Dada Rehema:* Ya Mama Glory siyo. Kovu lake liko shavu la kushoto, hapa limehamia kulia.

*Mama Glory:* Rehema hebu niache. Huyo ndiye mimi, kila asubuhi namwona kwenye kioo.

*Jose:* Shikamoo Mama Glory. Wote mko sawa. Nilikuchora kwenye plaiwudi vilevile ulivyo kwenye picha ya simu, nikachonga, nikapaka wino kwa roli, nikalaza karatasi na kusugua kwa mgongo wa kijiko. Ukibandua, kila kitu kimegeuka, kama muhuri. Ningeweza kuigeuza kabla sijachonga, nikaacha makusudi. Umetoka unavyojiona mwenyewe, siyo tunavyokuona sisi.

*Mama Glory:* Marahaba mwanangu. Usiiguse tena.

*Balozi:* Kijana, kazi nzuri. Ila kwa nini washikaji tu? Ungemchonga Mwalimu Nyerere ungeuza.

*Jose:* Shikamoo balozi. Sura ya Mwalimu ipo mpaka kwenye noti. Kuna Mmarekani mmoja, Chuck Close, amefariki 2021. Miaka yote huyo ni kuchora na kuchapa sura za marafiki na ndugu zake. 1969 alimchora Philip Glass, yule mwanamuziki, enzi hizo bado anapata riziki kwa ufundi bomba. Sura hiyohiyo akairudia miaka na miaka, hadi kwa alama za vidole vyake alivyochovya wino.

*Salimu Boda:* Sura moja tu hakuchoka?

*Jose:* Alikuwa na tatizo la ubongo, hatambui sura za watu. Hata kama mmeongea vizuri, ukigeuza kichwa tu, kwake wewe ni mtu mpya. Ila sura ikishakuwa bapa kwenye karatasi inamkaa kichwani. Sasa mtu wa hivyo atamchora nani kama siyo anaowapenda?

*Dada Rehema:* Baba Doreen naye anao huo ugonjwa, akiniona na daftari la mchango wa taka hanijui 😅

*Baba Doreen:* Nimetuma tangu jana, soma meseji zako.

*Jose:* Na 1988 alipooza, akawa wa kiti cha magurudumu. Hakuacha. 2002 ikatoka sura ya Emma, mtoto mchanga wa kwenye familia yao, imechapwa kwa mbao, rangi 113.

*Balozi:* 113! Mbona ya Mama Glory moja tu, nyeusi?

*Jose:* Balozi, bei ya wino unaijua? Halafu rangi ya pili ikisogea kidogo tu, jicho liko shavuni. Ila mimi naipenda picha yake ya Keith, ya 1972. Kwenye bati la shaba alianzia mdomo, kila mara anachapa ya majaribio aone inavyokwenda, mpaka bati likalika palepale. Picha ilitoka mdomo umepauka kuliko uso mzima.

*Salimu Boda:* Mdomo uliochakaa kwa kazi… namfikiria balozi siku ya mkutano 🤣🤣

*Dada Rehema:* Salimu!!

*Balozi:* Salimu nimekuona. Jose, Jumamosi nipo nyumbani, njoo na simu unipige picha. Huo mdomo uchonge mwisho.