Mafundi mnaosema "mazabodi imekufa" bila kupima hata waya mmoja, mnawaumiza watu

Wadau, hili jambo limefika pabaya. Mtu anabeba kompyuta yake ya mezani isiyowaka mpaka kwa fundi. Fundi anaichomeka ukutani, anabonyeza kitufe mara mbili, anatikisa kichwa: "Mazabodi imekufa hii, tafuta nyingine." Kifuniko hakijafunguliwa. Multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, ipo kwenye droo, haijaguswa. Mteja anaiacha mashine kwa bei ya vyuma chakavu, na baada ya siku chache mashine ile ile iko juu ya kaunta inauzwa.

Mazabodi, yaani bodi kuu inayounganisha vifaa vyote vya kompyuta, ni kitu cha mwisho kutuhumiwa. Kabla yake kuna soketi, waya, pawa saplai (boksi linaloigawia mashine umeme), kitufe, RAM (vibao vya kumbukumbu) na shoti za kijinga ambazo huonekana kwa macho. Nayaandika hapa ili mwenye mashine akienda kwa fundi ajue cha kudai.

"Haiwaki" si ugonjwa mmoja. Kuna iliyokufa ganzi: hakuna taa, hakuna feni. Kuna inayowaka sekunde moja, feni inajitikisa, inazima. Na kuna inayowaka vizuri, feni zinavuma, ila skrini ni nyeusi. Fundi asiyeuliza ni ipi kati ya hizo anatibu tumbo la mtu mwenye jino bovu.

Tuanze na iliyokufa ganzi. Soketi ya ukutani ijaribiwe kwa taa. Waya wa umeme ubadilishwe na ule wa monita, mara nyingi ni wa aina moja. Swichi ya nyuma ya pawa saplai iwe kwenye I, si O. Kisha chomoa umeme, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, chomeka tena. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, ulinzi wa ndani ya pawa saplai unaweza kujifunga na ukabaki hivyo mpaka chaji yote iishe. Mashine "zilizokufa" huamka hapo hapo, bila senti.

Bado? Sasa hiyo multimita itoke kwenye droo. Iweke DC (umeme mnyoofu), volti 20. Plagi pana ya pini 24 ibaki imechomekwa kwenye mazabodi. Ncha nyeusi iguse bati la kasha, ncha nyekundu iingizwe kwa nyuma ya plagi mpaka iguse waya wa zambarau. Huo ni umeme wa kusubiri, volti 5, na lazima uwepo muda wote mashine ikiwa imechomekwa, hata kama imezimwa. Kati ya 4.75 na 5.25 ni sawa. Ukisoma sifuri, chomoa plagi hiyo upime tena. Volti zikirudi, kuna shoti upande wa mazabodi au kitu kilichochomekwa juu yake. Zisiporudi, mgonjwa ni pawa saplai. Kipimo hiki hakimalizi dakika mbili, na kinatenganisha hukumu mbili zenye gharama tofauti kabisa. Kwa nini hakifanywi?

Unafuata waya wa kijani. Ukiwa umetulia husoma karibu volti 3 hadi 5. Kitufe kikibonyezwa, lazima ushuke karibu na sifuri, kwa kuwa ndivyo mazabodi inavyoiamsha pawa saplai. Usiposhuka, chomoa waya wa kitufe kwenye mazabodi, gusisha pini mbili ulipokuwa waya huo, zilizoandikwa PWR SW, kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Ikiwaka, kilichokufa ni kitufe tu! Watu wameuziwa mazabodi kwa sababu ya kitufe.

Ukishuka na mashine bado kimya, toa plagi ya pini 24, unganisha kijani na mweusi wowote kwa klipu ya karatasi, na uache hadidiski kuukuu ikiwa imechomekwa ili pawa saplai iwe na mzigo. Njano isome 11.4 hadi 12.6, nyekundu 4.75 hadi 5.25, ya machungwa 3.14 hadi 3.47. Na msidanganyike na feni kuzunguka. Pawa saplai iliyochoka huzungusha feni vizuri, kisha njano inaporomoka mara tu prosesa inapoomba umeme. Hiyo ndiyo ile ya kuwaka sekunde moja na kuzima. Dawa ya uhakika ni kujaribu na pawa saplai nyingine iliyo nzima.

Angalizo kwa wenye mashine za ofisi zilizotumika, ambazo ndizo zimejaa madukani kwetu: Dell OptiPlex kama 7020 na 9020 hazina plagi ya pini 24, zina ya pini 8, na HP nyingi za kundi hilo zina ya pini 6. Mtindo wa klipu msiupeleke huko kwa kukisia rangi. Pawa saplai nyingi za OptiPlex zina kitufe kidogo cha kujipima kwa nyuma: ukibonyeza, taa ya kijani ikiwaka ni dalili kwamba ni nzima, isipowaka inatuhumiwa. HP Compaq za zamani zenyewe husema tatizo kwa kumetameta taa nyekundu: mara 4 ni umeme, mara 5 ni RAM. Fundi wa kweli huhesabu.

Jambo jingine linalonikera ni ile swichi nyekundu ya 115/230 kwenye pawa saplai za zamani. Mashine zinazotoka Marekani huweza kuja ikiwa kwenye 115. Ukichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230, saketi inauzidisha mara mbili, na kapasita mbili (vifaa vya kutunza chaji) zilizoandikwa 200V kila moja inapigwa takribani 325V. Unasikia mlipuko, moshi, basi. Muuzaji anapaswa kuiangalia kabla hajakabidhi mzigo, na ikilipuka dukani kwake isiwe kosa la mnunuzi. Na wale wanaozungushia waya wa shaba kwenye fyuzi iliyoungua waache kabisa. Fyuzi iliyoungua na kuwa nyeusi ina maana kuna kitu kimepiga shoti nyuma yake. Mtachoma nyumba za watu. Mwenye mashine, wewe usiifungue pawa saplai, kapasita zake hubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomoa.

Pawa saplai ikiwa nzima, vua kila kitu: ibaki mazabodi, prosesa na feni yake, RAM moja. Chunguza USB za mbele; kile kilimi cha plastiki ndani kikivunjika, pini zake nne hulalia bati na mashine nzima inagoma. Angalia skrubu iliyodondoka chini ya mazabodi, kapasita zilizovimba kichwa, na kwa huku pwani, kutu na mjusi aliyekaukia ndani.

Ile ya skrini nyeusi: plagi ya pini 4 au 8 iliyo karibu na prosesa imechomekwa? Kebo ya monita iko kwenye kadi ya picha au imesahauliwa kwenye mazabodi? Kisha RAM: toa zote, sugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, pangusa, rudisha moja moja ukibadilisha nafasi. Betri ya CR2032, ile ya kidonge iliyo kwenye mazabodi, mnayoiuza kama dawa ya kila kitu, ikiisha hupoteza saa na mipangilio. Ni nadra kuzuia mashine isiwake.

Kwa hiyo wateja, daini haya: apime mbele yenu, volti za zambarau, njano na nyekundu ziandikwe kwenye risiti, na kifaa kilichotolewa kirudi mikononi mwenu. Kabla ya kuiacha mashine, fungueni kifuniko mpige picha lebo za RAM na hadidiski, namba zake za utambulisho (serial number) zionekane. Ikirudi na GB 4 badala ya 8, mna cha kumwekea mezani.