Ile filamu ya gari linaloruka: wale watoto waliokolewa au la?

Mtoto wa Reli, Tororo
Hamjambo wenzangu. Mwaka 1994, nikiwa na miaka tisa, tulitoroka kota za reli tukaingia kibanda cha video karibu na soko. Kiingilio shilingi 100, mabenchi ya mbao, jenereta nje inakohoa. VJ wetu, yule msimulizi wa filamu, alitafsiri kwa Kiswahili maana nusu ya watazamaji walikuwa madereva wa malori waliokwama Malaba.

Filamu ilikuwa ya Wazungu. Baba mmoja mvumbuzi, watoto wawili, gari kuukuu lenye pua ndefu inayong'aa. Mara linaelea baharini, mara linatoa mabawa, linaruka. Babu yao akanyakuliwa na puto kubwa akiwa ndani ya kibanda chake, ambacho sote tuliapa ni choo. Kisha akaja yule jamaa wa nguo nyeusi mwenye pua ya kunusa watoto. Akawaita kwa peremende, kumbe mkokoteni wake ni kizimba. Wakaingia. Mlango ukafungwa.

Na jenereta ikazima. Petroli imeisha, mwenye kibanda akatutoa nje, na ile mia hakurudisha.

Sasa nina binti. Kila nikimsimulia, tukifika kwenye kizimba anauliza, "Halafu?" Sina halafu. Hata jina la filamu sina.

Mama Shakila, Arua
Ni Chitty Chitty Bang Bang, kaka, ya mwaka 1968. Baba ni Dick Van Dyke. Anayenusa watoto ni Robert Helpmann, mcheza baleti wa Australia, ndiyo maana hatembei, ananyata kama paka.

Watoto waliokolewa. Chini ya ngome ya Baron Bomburst, mtawala wa nchi walikopelekwa, kulikuwa na watoto wengine wa mji, wamefichwa. Siku ya sherehe wakatoka wote kwa mpigo, na mkamataji akakamatwa yeye, kwa wavu.

Lakini kaa chini kwanza. Safari yote ya ile nchi ni hadithi tu, baba anawasimulia wanawe ufukweni. VJ hakuwaambia?

Fundi wa Kisekka, Kampala
Hadithi siijui, gari nalijua. Walitengeneza magari kadhaa ya filamu ile. Lile la kuendeshwa barabarani lina injini ya Ford, V6, na namba GEN 11. Jina lake lilitoka kwa magari ya mashindano ya Count Louis Zborowski wa Uingereza, miaka ya 1920. La kwanza alilifunga injini ya ndege, Maybach ya lita 23. Kamunye ya kwetu, teksi ya abiria, ikiwa na lita 3 konda anajivuna. Gawanyeni wenyewe.

Mtoto wa Reli
Hadithi?! Miaka thelathini nimewaonea huruma watu ambao hata ndani ya filamu yao hawakwenda popote? VJ alituapia ni mambo ya kweli. Mwenzangu mmoja hakupokea peremende ya mtu hadi tulipomaliza shule ya msingi.

Mama Shakila
Usikasirike. Mwishoni kabisa gari linapaa tena, baba na mpenzi wake, bibi Truly, wako ndani, na safari hiyo hakuna anayemsimulia mtu kitu. Hapo VJ angesema kweli.

Kingine cha kuchekesha: Lionel Jeffries, aliyecheza babu, alizaliwa 1926. Van Dyke, "mwanawe", 1925.

Mtoto wa Reli
Jana nimempa binti halafu yake. Kizimba, wavu, kila kitu. Akanisikiliza vizuri, akauliza swali moja tu: kile kibanda cha babu kilikuwa choo au si choo?

Mama Shakila
Babu akienda humo huaga kama mtu wa safari ya mbali. Choo gani mtu anaagia?