Kwa nini "If I would have money" imekatwa?

BintiSengerema: Shikamooni wakuu. Najiandaa na mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nimeandika "If I would have money, I would buy a bicycle", mwalimu wa tuisheni kakata would ya kwanza bila maelezo. Si tunasema "ningekuwa na pesa, ningenunua"? Nge mbili!

MwalimuMstaafu: Marahaba binti. Nge yetu hukaa pande zote mbili; would yao hukaa upande wa matokeo. Upande wa if, kitenzi kinarudi wakati uliopita hata kama unasema habari ya leo: "If I had money, I would buy a bicycle." Had hiyo haihusu jana, inaonyesha tu kwamba mfuko ni mtupu. Nafasi ikishapita kabisa, "ningalikuwa nazo", ndipo unapata "If I had had money, I would have bought it." Had mbili, usishtuke. Na -ki- ni rahisi: "If I get money, I will buy it." Usiandike "if I will get", wasahihishaji hawana huruma nayo.

KondaMsomi: Mbona barua za ofisini zina "If you would kindly sign here"?

MwalimuMstaafu: Hilo ni ombi la adabu, mdogo wangu, si sharti. Kwenye mtihani liache.

BintiSengerema: Na "If I were you"? Si was?

MwalimuMstaafu: Mtaani utasikia was. Wewe andika were, nafsi zote.