Kariakoo tunadaiwa risiti ya holda ya taa, waheshimiwa posho zao hazina hata karatasi

Wakuu, salamu. Uzi huu nauandika nikiwa na hasira na sitajifanya nimetulia, mwenye roho nyepesi apite tu.

Nina fremu ndogo ya vifaa vya umeme hapa Kariakoo. Mteja akinunua holda ya taa ya buku jero, mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, lazima iteme karatasi. Mtandao ukigoma, shida yangu. Umeme ukikatika, shida yangu. Nisipotoa risiti faini inasoma mamilioni, na mteja akidakwa mbele na mzigo usio na risiti, naye ana faini yake. Wimbo tumeshaukariri: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Mei 2023 soko zima lilifunga maduka kwa sababu ya kero za kodi, mpaka Waziri Mkuu Majaliwa akaja mwenyewe kukaa na wafanyabiashara.

Kodi tulipe, hilo sibishi. Ninachouliza ni kwamba huyo anayelipwa kwa kodi hiyo hiyo, risiti yake iko wapi? Haipo. Na wala haitakiwi. Posho ya mheshimiwa mbunge inatoka kwa kiwango cha siku: umelala hoteli ya nyota ngapi, umelala kwa shemeji yako Area C hapo Dodoma, umekula wali samaki au umeshinda na karanga, hakuna anayekuuliza. Kilichobaki ni chako.

Tuanze na hii inaitwa posho ya kikao, maana ndiyo inayonichoma kuliko zote. Mbunge ana mshahara. Mshahara ule ni wa kazi gani? Kukaa bungeni, kujadili, kuuliza maswali, kupitisha bajeti. Sasa akishakaa bungeni analipwa tena kwa kukaa. Nina kijana dukani, namlipa kila mwisho wa mwezi. Siku akiniambia anataka na hela ya kusimama kaunta, nitajua ameshapata kazi sehemu nyingine na anatafuta ugomvi wa kuondokea.

Na msidhani ni mimi wa kwanza kuliona. Mwaka 2011 Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini, aliandika barua ya kukataa posho za vikao kwa hoja hiyo hiyo, kwamba kikao ni sehemu ya kazi ambayo tayari ina mshahara. Mpende msimpende, siku ile alisema la maana. Jibu likawa nini? Mwaka huo huo haujaisha, ikabainika posho ya kikao imepanda kutoka 70,000 hadi 200,000 kwa siku. Ongeza 80,000 ya kujikimu na 50,000 ya usafiri, jumla 330,000 kwa siku moja ya kukaa kwenye kiti chenye kiyoyozi.

Spika Anne Makinda akaitetea: maisha ya Dodoma yamepanda. Jamani. Kama maisha ya Dodoma yamepanda, si ndiyo maana kuna posho ya kujikimu? Hiyo ya kikao inahusiana nini na bei ya chumba? Na nesi wa Dodoma, yeye nyanya zake alikuwa ananunua soko gani ambalo bei haikupanda? Mwalimu wa Chamwino je? Hao hawakuongezwa hata mia ya kikao, na kazini wanaingia kila siku.

Hizo ni hesabu za 2011, na nazitumia makusudi kwa sababu zilisemwa hadharani. Julai 2025 kima cha chini cha mtumishi wa umma kilipanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi, na watu walishangilia kweli Mei Mosi kule Singida kilipotangazwa. Siku mbili za mbunge kwa viwango vya miaka ile ya nyuma ni 660,000. Fanyeni hesabu wenyewe, mimi nikiendelea nitatukana.

Sasa nani anapanga hizi hela? Fungueni Katiba, Ibara ya 73. Inasema wabunge watalipwa mshahara, posho na malipo mengine kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Sheria iliyotungwa na nani? Na Bunge. Wanaolipwa ndio wanaotunga. Sijawahi kuona fundi anayejiandikia bei, anajisainia, halafu mwenye nyumba anasikia redioni.

Kuna watakaosema mambo ya 2011 ni ya kale. Haya, tusogee 2014, Bunge Maalum la Katiba, lile lililokaa kuandika katiba mpya. Wajumbe zaidi ya 600, posho 300,000 kwa kichwa kwa siku, maana yake zaidi ya milioni 180 kila jua likichomoza. Kitu cha kwanza kilichozua mjadala mkali mle ndani mnakikumbuka? Muungano? Serikali tatu? Wapi! Kabla hata kanuni hazijapita, baadhi ya wajumbe walisimama kusema 300,000 haitoshi, ikaundwa kamati ya kuliangalia suala hilo. Dar nzima ilichemka wiki ile, kwenye daladala watu walikuwa hawaongei kingine. Wapo wajumbe walioona aibu wakapinga nyongeza, hao nawapa haki yao.

Lakini linaloniuma zaidi ni lililofuata. Rasimu ya katiba ya Tume ya Jaji Warioba, iliyokusanya maoni ya wananchi, ilikuwa na kipengele cha wananchi kumuondoa mbunge wao kabla miaka mitano haijaisha kama amewatelekeza. Ilikuwa pia na ukomo wa ubunge, vipindi vitatu basi, ukapumzike. Vyote viwili viling'olewa mle mle, na watu waliokuwa wanasaini posho kila asubuhi. Tuliwalipa 300,000 kwa siku wakatunyang'anya rungu pekee ambalo lingetusaidia kuwauliza kuhusu hizo 300,000. Katiba Inayopendekezwa ikapita Oktoba 2014, kura ya maoni ya Aprili 2015 ikaahirishwa, na mpaka leo haijapigwa. Posho haikuahirishwa.

Mwenzangu wa duka la jirani ananiambia kila nchi ndiyo ilivyo, siasa ni ulaji, mpaka Ulaya. Nikamwambia kweli, hata Uingereza waliiba, lakini nenda kasome yaliyowapata. Mwaka 2009 gazeti la Daily Telegraph lilianika madai ya gharama za wabunge moja baada ya jingine. Mmoja orodha yake ya gharama ilikuwa na usafi wa handaki la maji linalozunguka jumba lake la shamba. Mwingine, Sir Peter Viggers, aliwasilisha dai la pauni 1,645 za kibanda cha bata bwawani, na dai lenyewe halikulipwa, lakini lilitosha kummaliza kisiasa. Spika Michael Martin akaachia ngazi, kitu ambacho Spika wa kule hajalazimishwa tangu 1695. Baadhi ya wabunge walifungwa jela kabisa. Ikaundwa mamlaka huru ya kupanga na kukagua malipo yao, na leo unaingia kwenye tovuti unaona mbunge fulani alidai nauli ya treni siku gani na kiasi gani.

Wale walinaswa kwa sababu kulikuwa na karatasi za kuwanasa. Mtu alilazimika kuandika neno bata kwenye fomu! Kwetu huwezi kumnasa mtu kwa posho, maana hakuna kilichoandikwa zaidi ya jina na kwamba alihudhuria. Ajiandikishe saa tatu, saa nne awe kantini.

Na msiniambie haiwezekani kuzidai zirudi. Mei 2020, wabunge wa CHADEMA walipojitenga kwa hofu ya corona, Spika Ndugai aliwataka warudi bungeni ama warudishe posho walizokwisha kulipwa. Sikatai, asiyefanya kazi asilipwe. Ila kumbe mlango wa kurudisha posho upo! Ukifunguliwa kwa wapinzani, mbona haufunguliwi kwa wale tunaowaona viti vyao vitupu kila siku kwenye TV wakati bajeti ya afya inasomwa?

Sasa mjomba wangu. Mwalimu mstaafu, anaishi Mbagala, kafundisha mpaka umri wa lazima wa miaka 60. Alivyostaafu akakutana na kikokotoo, ile kanuni ya kupigia hesabu mafao: mkupuo wa asilimia 33, nyingine utapewa kidogo kidogo kila mwezi mpaka Mungu akuite. Alikuwa ameshapiga hesabu za kumalizia nyumba kwa asilimia 50 aliyoizoea kuisikia maisha yake yote. Kelele zikapigwa mwaka hadi mwaka, ndipo bajeti ya 2024 ikapandisha hadi 40 kwa kundi lake. Mbunge yeye hana habari na kikokotoo. Kila baada ya miaka mitano anachukua kiinua mgongo chake, akirudi anakichukua tena. Na mwaka 2016 Waziri wa Fedha Philip Mpango alipopendekeza kiinua mgongo hicho kikatwe kodi kama cha watu wengine, mnakumbuka walivyomjia juu? Siku hiyo hapakuwa na chama tawala wala upinzani, wote walikuwa ndugu.

Halafu utetezi wao mkuu: mbunge ana mzigo wa wapiga kura, misiba, harusi, ada za watoto wa watu, wote wako getini. Mheshimiwa, hizo ni rambirambi za kampeni. Unatuchangia msiba kwa hela yetu halafu tunakupigia makofi na jina lako linatajwa kwanza. Kama tatizo ni shida za jimbo, tangu 2009 kuna sheria ya Mfuko wa Jimbo, hela za serikali kwa miradi ya jimbo, na mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge mwenyewe.

Desemba 2023 nauli ya daladala ilitoka 500 ikaenda 600, tukaambiwa gharama zimepanda. Gharama zikipanda kwetu, tunalipa sisi. Gharama zikipanda kwao, tunalipa sisi.

Ninachotaka hakihitaji hata katiba mpya. Wafute posho ya kikao, mshahara unatosha. Ya kujikimu ibaki, ila kwa risiti, ya EFD kama yangu, maana hoteli za Dodoma zinazo hizo mashine. Viwango vipangwe na chombo ambacho wajumbe wake hawatakula hizo hela, na kila mbunge jina lake na alichopokea vibandikwe hadharani.

Makada mliotumwa kuja kuniuliza natumiwa na nani, jibuni kwanza hoja ya Ibara ya 73. Kwa wengine nina ombi moja: kama kuna mtu humu ambaye mbunge wake amewahi kubandika matumizi ya Mfuko wa Jimbo kwenye ofisi ya kata, aweke picha hapa na jina la jimbo. Hata ikiwa ya zamani, weka.